Tutie Pindo Mkeka?

Ndugu msomaji, umeshona kili zako, mkeka umekamilika. Je, uutie pindo la kitambaa? Wengine husema pindo ni urembo tu. Mimi sikubali. Ukingo mtupu huanza kufumuka, na kazi ya siku nyingi huharibika.

Lakini si kila mkeka unahitaji kitambaa. Jamvi la kuanikia mpunga hapa Kilosa, likunje ukingo na ulishone kwa ukindu. Yatosha. Mkeka wa wageni, au wa kuwauzia wasafiri kule Mikumi, utie pindo.

Kwanza pima. Pima ukingo huu na ule, kisha pima katikati. Vipimo vikitofautiana, rekebisha mkeka kabla ya kushona. Pindo halinyooshi mkeka uliopinda. Mkeka wa meta 2 kwa meta 1 una mzunguko wa meta 6. Ongeza nusu meta ya kukunjia pembe.

Mwisho, andika bei ya kitambaa na uzi katika daftari lako. Usipoandika, utauza mkeka na kumpa mnunuzi pindo bure. Hiyo nayo ni faida ya kujua kuandika na kuhesabu.