Salopeti ya mgodi isilale chumbani

Masika imeingia na kamba za nguo haziaminiki tena. Baba anarudi jioni kutoka mgodini, salopeti imelowa, boti zimejaa matope, na kesho alfajiri anazitaka zikiwa kavu. Ndiyo maana wengi wetu tunazitundika ndani, juu ya kitanda, au tunazipanga kando ya mbabula. Tunajua sababu. Nje kuna mvua, na nje pia kuna wezi. Hata hivyo tunaomba wiki hii tuzitoe chumbani.

Vumbi la Kolwezi si vumbi la barabara tu. Ndani yake mna shaba, mna kobalti, na mara nyingine mna uraniamu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya vipimo walivyofanya Kasulo, kule ambako watu walichimba mashimo ndani ya parseli zao wenyewe. Walipima damu na mkojo wa wakaaji, na vumbi la nyumbani pia. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi kuliko watu wa mtaa usio na uchimbaji, na tofauti ilionekana zaidi kwa watoto. Mtoto hutambaa chini, hushika kila kitu, kisha hutia vidole kinywani.

Mwaka 2020 utafiti mwingine ulitoka Lubumbashi. Walilinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana na wengine 108 waliozaliwa bila kilema. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa mtoto ambaye baba yake anafanya kazi ya madini. Utafiti huo haukupima nguo, wala hatusemi kwamba salopeti peke yake ndiyo iliyoleta kilema. Tunasema tu kwamba kazi ya baba inaingia nyumbani pamoja naye, na mlango mmoja tunaoweza kuufunga sisi wenyewe ni huu wa nguo.

Wengine walijifunza hivyo kwa uchungu. London, mwaka 1965, madaktari wawili wanawake walichunguza wagonjwa 76 wenye kansa inayotokana na vumbi la asibesto. Tisa kati yao hawakuwahi kufanya kazi hiyo: waliishi tu na ndugu aliyeifanya, na wengi wa hao walikuwa wake waliofua nguo za waume zao. Asibesto si kobalti, lakini besani ya kufulia ni ileile.

Tufanyeje basi? Msumari mmoja barazani, au nyuma ya nyumba chini ya paa, uwe wa salopeti. Baba avue hapo, aache boti hapo, anawe mikono na uso, ndipo mtoto amkimbilie. Tunajua kwamba mtoto hangoji, na baba naye amechoka na anataka bukari yake. Siku za kwanza patakuwa na manung'uniko. Mkiona nafasi ya kuoga ni ndogo, hata kitambaa chenye maji kwa shingo na nywele kinasaidia.

Salopeti kavu isikung'utwe. Hilo ndilo kosa kubwa, maana vumbi lote linarudi puani mwako. Iloweshwe kwanza, ndani ya besani yake peke yake, si ile ya vyombo wala ya kuogeshea mtoto. Ikiwa maji unanunua kwa bidoni, fua kwanza nguo za nyumbani, halafu maji yaleyale ya kusuuzia yatumike kulowesha salopeti. Usigeuze mpango huo. Maji machafu yasimwagwe kwenye lengalenga wala karibu na kisima. Mama mwenye mimba aachie wengine kazi hii. Baba anaweza kulowesha nguo zake mwenyewe, na wako wanaofanya hivyo bila kufa.

Kukausha wakati wa masika kunataka hewa kuliko moto. Kamua sana, geuza ndani nje, tundika chini ya paa mahali upepo unapopita, mifuko ikiwa imevutwa nje kwa sababu ndiyo inayochelewa. Ukipata salopeti ya pili, hata kuukuu, haraka ya usiku inakwisha. Lakini mbabula yenye makala isiingizwe chumbani kukausha nguo huku watu wamelala. Makala hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua nyumba nzima kimyakimya. Kwa jambo hili hatuna maneno laini.

Boti za mpira zina tabia yake. Moto huzipasua, na jua kali huzikausha mpaka zinakuwa ngumu. Tena shaba ni adui wa mpira: ikikaa juu yake huufanya uzeeke upesi. Hata wapiga mbizi, wanaovaa nguo za mpira zisizopitisha maji, hufundishwa kuziweka mbali na shaba. Kwetu shaba iko ndani ya matope yenyewe, kwa hiyo boti zioshwe nje na ndani siku hiyohiyo. Jaza magazeti ndani, yabadilishe yakilowa, kisha zipindue juu ya vijiti viwili kivulini. Koti la mvua likaushwe pande zote mbili, ndani kwanza, halafu litundikwe. Likikunjwa bichi hunuka na hupasuka penye mkunjo. Petroli isitumike kulisafisha.

Yote haya ni kazi juu ya kazi, na tungependa zaidi nguo zibaki mgodini. Migodi mikubwa ina vyumba vya kubadilishia nguo, lakini wafanyakazi wengi wa makampuni madogo, na wachimbaji wa mikono karibu wote, hurudi walivyo. Kwenye mkutano ujao kila kundi lilete hesabu: ni nyumba ngapi zinafua nguo za mgodi, na baba wa nyumba hizo anafanyia kazi wapi. Majina ya watu si lazima. Tukiwa na hesabu hiyo, tutaandika barua ya kuomba mahali pa kufulia hukohuko kazini.