Vita Isiyotajwa Kwenye Kampeni

BARAZANI
Na Bin Ramadhani

Ghadhabu iliyonishika Muyinga Ijumaa iliyopita haijanitoka, wala sikusudii kuificha. Baada ya sala, washindi wa uchaguzi wa wabunge wa Burundi wa tarehe 5 Juni 2025 walikuwa wameandaa hadhara ya kutoa shukrani, nami, niliyekuwa nimeshuka punde katika Probox iliyotoka Gitega kupitia Karuzi, tukiwa tumebanana kwa ajili ya uhaba wa petroli, nikasimama kivulini nisikilize. Zilipokwisha hotuba na ngoma, alinyanyuka mama mmoja wa makamo, akaomba ruhusa kwa taadhima, akasema: “Waheshimiwa, kura tumewapa. Mwanangu yuko Kongo. Nani ataniambia kama yu hai?”

Akajibiwa, “Mama, leo ni siku ya furaha. Mambo ya jeshi liachie jeshi.” Watu wakapiga makofi. Ni makofi hayo yaliyonichoma kuliko jibu lenyewe, kwa maana waliopiga walikuwa majirani zake, na nina yakini kwamba baadhi yao wana ndugu huko huko.

Nilimfuata, nikamsalimu. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa simu iliyopasuka kioo, akanisikilizisha sauti ya mwisho ya kijana wake, ambaye alikuwa akiuliza kama maharagwe yamevunwa na kama mdogo wake amelipiwa shule. Nilipouliza alikuwa wapi aliposema hayo, mama akajibu, “Mzee, mahali hakupataja. Nadhani wamekatazwa.”

Askari wetu waliingia Kivu Kusini Agosti 2022 kwa makubaliano na Kinshasa. Mwaka uliofuata wengine wakafika hata Masisi. Na ilipoanguka Goma mikononi mwa waasi Januari 2025, kisha Bukavu mwezi Februari, vijana wetu walikuwamo katika vita hiyo. Mimi sipingi jirani kusaidiwa. Uvira tunaiona kwa macho kutoka ufukweni Bujumbura, na mtu aliyewazika wafu wa Vugizo, walioshambuliwa usiku Desemba 2023, ana haki ya kutaka mpaka ulindwe. Lakini kampeni nzima nimezunguka Gitega na viunga vyake, nikasikia habari za mbolea, za kahawa, za mikoa mipya mitano, nikasikia hata ahadi za mwaka 2040 na za mwaka 2060, ilhali vita ambayo vijana wanaifia leo hii sikusikia mgombea hata mmoja akiitaja. Huitwa siri ya jeshi. Adui anajua walipo, kwa kuwa anapigana nao. Asiyejua ni mama mzazi, na aliyeogopwa ni mpiga kura.

Afrika Kusini ilipofiwa na askari wake 14 karibu na Goma mwezi Januari, majina yalitangazwa, na waziri wa ulinzi akahojiwa na wabunge mbele ya umma. Wala sisi hatukukosa sheria ya kutuongoza. Katiba ya 2005, tuliyoipata baada ya Mapatano ya Arusha na baada ya damu isiyo kifani, ilimwekea Rais sharti la kuliarifu Bunge upesi na kwa tafsili, kila jeshi linapotumiwa, mambo matatu: sababu, mahali na muda. Walioandika sharti hilo walikuwa wameona kwa macho yao jeshi lisilosailiwa na mtu lilivyoitenda nchi hii tangu lilipotwaa madaraka 1966.

Tume ya uchaguzi imekipa chama tawala viti vyote 100 vilivyogombewa, kwa zaidi ya asilimia 96 ya kura. Hakuna tena mpinzani wa kuambiwa kwamba ndiye angepaswa kuuliza, wala wa kusingiziwa kwamba anauliza kwa fitina; dhima yote imewaangukia wao peke yao. Basi namtaka kila mbunge wa Buhumuza, mkoa ambao sasa umeikusanya Muyinga pamoja na Cankuzo na Ruyigi, ayaulize mambo hayo matatu katika kikao chake cha kwanza, na jibu atakalopewa awaletee wapiga kura wake, likiwa na majina ya waliokufa, kabla hajathubutu kuja kumwombea mtu kura za urais mwaka 2027.