Siku ya manunuzi Dubai: orodha ya mama, kiu ya mtoto

Kwa wazazi wengi wa Afrika Mashariki, safari ya Dubai huenda na orodha ndefu: mashuka, nguo za watoto, simu, manukato na, kwa mwenye uwezo, dhahabu ya Deira. Watoto wakiwa kwenye msafara, ratiba ya mfanyabiashara haifai. Mtu mzima anaweza kuzunguka sokoni kutwa nzima kwa kikombe cha chai. Mtoto wa miaka mitatu hawezi.

Adui wa kwanza ni jua. Kati ya Juni na Septemba joto la mchana hupita nyuzi 40. Sheria ya huko inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00 alasiri, tangu Juni 15 hadi Septemba 15. Kama saa hizo hazimfai fundi ujenzi, hazimfai pia mtoto aliyelala kwenye kigari.

Kwa hiyo masoko ya viungo na dhahabu yaachiwe asubuhi au jioni. Watoto hufurahia kuvuka maji kwa boti la abra kutoka Bur Dubai hadi Deira, na nauli yake ni ndogo. Mchana ni wa kula, kupumzika na maduka yenye kiyoyozi. Humo baridi ni kali, hivyo sweta jepesi libebwe. Wanaopanda metro wawanyweshe watoto kabla ya kuingia, kwani kula na kunywa ndani ni marufuku na faini ni dirham 100.

Mtoto mdogo mara nyingi hasemi ana kiu. Hulia, hugoma kutembea, na mzazi hudhani ni deko. Apewe maji kidogo kidogo njia nzima, asisubiriwe aombe. Soda na juisi za sukari si mbadala wa maji. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye mara nyingi zaidi. Hahitaji maji hata kwenye joto.

Kwenye chakula, watoto wa pwani watajikuta nyumbani. Lugaimat wanazouziwa ni ndugu wa kaimati za futari, na sambusa zipo kila kona. Kanuni ni ile ile ya nyumbani: kiliwe cha moto kilichopikwa sasa hivi. Shawarma inayokatwa ikitoa mvuke ni salama kuliko ile iliyofungwa tangu mchana. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye mfuko zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la huko kisifike hata hapo. Mtoto mwenye mzio aangaliwe: hamasi ina ufuta, na halua na vitamutamu vingi vina lozi au pistachio.

Akianza kuhara, maji ya ORS yaanze mara moja, na pakiti zake zinafaa kutoka nazo nyumbani. Zikikosekana, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mdomo mkavu, kulia bila machozi, macho kuzama, au nepi kukaa saa nyingi bila mkojo ni dalili za kumpeleka hospitali. Mtoto aliyelegea, anayetapika kila anachokunywa au aliyepata degedege asisubiri asubuhi. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 998.

Jambo la mwisho hufanyika kabla ya kufunga begi. Baadhi ya dawa za maumivu, zikiwemo zenye codeine na tramadol, zinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu na huhitaji kibali. Dawa za familia zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari.

Dukani kukibaki kitu hakijanunuliwa, kitapatikana kesho. Mtoto akianza kulegea, manunuzi ya siku hiyo yameisha.