BlackBerry imekufa, shimo liko wazi bado

Wiki hii, huku Birere, tulikuta kwa fundi mmoja wa telefone katoni iliyojaa masini za zamani. Kati yake zilikuwa BlackBerry tatu, zile zenye klavye ndogo ya vibonye chini ya kioo. Fundi alituambia: « Hizi haziko na kazi tena. Naziweka tu juu ya vipande. » Mtoto aliyekuwa pale akauliza kama ni kalkulatrisi. Tulicheka, lakini njiani tukafikiri sana. Maana telefone ile na sisi watu wa Kivu tuko na historia moja, na wachimbaji wetu wana haki ya kuijua.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1996 Nokia ya Finland ilitoa Communicator 9000. Ilifunguka kama kitabu, na ndani mlikuwa klavye nzima. Ilikuwa na uzito wa karibu gramu 400, na ilikuwa ya watu wa biro kubwa tu. Mwaka 1999 kampuni ya Canada, Research In Motion, ikatoa BlackBerry ya kwanza. Ile haikupiga hata simu: ilipokea na kutuma mesaje tu, na ilitumia pile moja ndogo kama ya toshi. Kupiga simu ilianza mwaka 2002. Tarehe 11 Septemba 2001, wakati telefone za kawaida zilikwama New York, mesaje za BlackBerry ziliendelea kupita. Kisha siku ile, wabunge wa Marekani nao wakapewa. Ma-PDG, mawakili, mawaziri, wote wakawa wanaandika kwa vidole gumba viwili.

Sasa, ni nini iliyowezesha masini kuwa ndogo hivyo? Hapa ndipo sisi tunaingia. Ndani ya telefone kuna vipande vinavyoitwa kondansateri. Kazi yao ni kuweka umeme kidogo na kuutoa sawasawa, ili masini isiyumbe. Kikitengenezwa kwa tantali, kipande kinakuwa kidogo kama punje ya mchele, tena kinavumilia joto. Tantali inatoka katika koltani. Kasiteriti nayo inatoa bati, linalounganisha vipande vyote. Wolframu inaingia katika kamotere kanakotetemesha telefone mfukoni. Kwa hiyo waziri wa mbali aliposhtuka mesaje imefika, mawe ya namna ya yale mnayobeba mgongoni kule Masisi na Walikale yalikuwa yanafanya kazi mule ndani.

Mwisho wa mwaka 2000 viwanda vya telefone na kompyuta viliogopa kukosa tantali, vikanunua kwa haraka. Beyi ikapanda mara nyingi kwa miezi michache. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka: watu waliacha mashamba, vijana waliacha shule, kila mtu alikimbilia mlima. Goma wakati ule ilikuwa chini ya RCD, na mwezi wa Novemba 2000 haki ya kuuza koltani inje ilipewa kampuni moja tu, SOMIGL. Mwaka 2001 beyi ikaanguka. Kule ng'ambo, wahandisi walikuwa wamekwisha kujifunza: mahali palipowezekana, waliweka kondansateri za seramiki badala ya tantali. Hapa kwetu, aliyeuza shamba ili anunue nyundo akabaki na nyundo.

Mwaka 2010, mwezi wa Julai, Marekani ikapiga sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinadai makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Kongo ao nchi za jirani. Septemba ya mwaka ule ule, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa mkono Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Nia ilikuwa nzuri: feza ya madini isinunue risasi. Hatuikatai nia ile. Tunauliza tu: miezi ile, nani alilipa? Si mwenye BlackBerry. Alilipa mama aliyengojea bwana arudi na feza ya minerval ya watoto, bwana akarudi mikono mitupu.

Na BlackBerry yenyewe? Mwaka 2007 Apple ilionyesha iPhone, telefone ya kioo kitupu, bila vibonye. Wakubwa wa Research In Motion waliamini watu wa kazi hawataacha klavye kamwe. Waliacha. Tarehe 4 Januari 2022 kampuni ikazima huduma za telefone zake za zamani. Watu wale walikuwa na wahandisi, mawakili na feza nyingi, lakini bado soko liliwaacha. Wao walianguka juu ya godoro. Mchimbaji akianguka, anaanguka juu ya jiwe.

Wengine watatuambia: « Musiogope, telefone za leo bado zinahitaji koltani. » Ni kweli. Lakini tangu lini kuhitajiwa kulitosha kutujengea nyumba? Walioshika milima wamebadilika mara nyingi, toka RCD ya zamani mpaka M23 iliyoingia Rubaya mwaka 2024. Mitindo ya telefone imebadilika. Anayeshuka mu shimo akiwa na toshi kichwani, mvua ikinyesha na udongo ukilainika, ni yule yule.

Ndiyo maana tunasema mambo matatu, tena wazi.

Kwanza, kila mahali koltani inaponunuliwa, beyi ya siku ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, pamoja na kila kinachokatwa. Beyi inafuata kiasi cha tantali kilicho ndani ya mawe. Mara nyingi ni ma-négociant na comptoir tu wanaojua kiasi hicho. Mchimbaji aonyeshwe kipimo, akiandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, yeyote anayefunga shimo, akiwa Leta, kooperative ao mnunuzi wa ng'ambo, aseme mbele ya watu: kwa muda gani, na familia zitakula nini wakati ule. Kufunga bila kusema ni kuadhibu mdogo juu ya kosa la mkubwa.

Tatu, neno hili ni kwetu wenyewe. Musiuze shamba juu ya shimo. Wakati beyi iko juu, wekeni kidogo katika likelemba, lipieni watoto shule miezi ya mbele. Beyi ya mwaka 2000 haikutuma mesaje kabla ya kuanguka.

Yule fundi wa Birere atafungua zile BlackBerry, atoe vipande vinavyofaa, avitie mu telefone ingine. Yeye anajua bei ya kila kipande. Tunataka siku moja mchimbaji naye ajue bei ya jiwe lake, kabla halijashuka mlima.