Filamu ya Jini na Macho Mekundu ya Bibi



Wakati wa likizo ya Disemba baadhi yetu tuliiona filamu ambayo hatukuitafuta. Ilikuwamo ndani ya memori kadi iliyojazwa nyimbo na picha mjini Kahama. Jina lake ni Shumileta, filamu ya Kitanzania ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Mussa Banzi, nayo inasimulia habari za jini mwanamke aliyempenda binadamu. Tulianza kwa kucheka, maana picha yake ni ya kamera ya video ya kawaida na ujanja wake si wa gharama. Tulimaliza tukiwa kimya, na usiku ule hakuna aliyekubali kwenda chooni peke yake.

Tumejiuliza kwa nini filamu ya gharama ndogo ituogopeshe kuliko zile za Marekani zenye mazimwi ya kompyuta. Jibu tuliloliona ni hili: zimwi la Marekani linaishi Marekani, na filamu ikiisha linabaki huko huko. Hii inasema Kiswahili chetu, na watu wake wanafanana na majirani zetu. Aidha, sisi Waislamu tunaamini kuwa majini wapo. Wana sura yao katika Qur'an, ya 72. Basi hofu iliukuta mlango uko wazi.

Hofu peke yake si jambo kubwa. Mtu husoma Ayatul Kursiy akalala. Lililotutisha zaidi ni la siku ya tatu. Wadogo zetu waliotazama pamoja nasi walianza kumkimbia bibi mmoja jirani, mjane anayeishi peke yake, kwa sababu ana macho mekundu. Mmoja akasema, "Yule ndiye jini mwenyewe." Nasi wakubwa tukacheka.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya kicheko kile. Hapa Shinyanga neno kama lile si la mchezo. Kwa miaka mingi vikongwe wa Usukumani wamekatwa mapanga kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Ilhali sababu yake inajulikana: bibi amepika maisha yake yote kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha, na moshi umemharibu macho.

Ndugu zetu wenye ualbino nao wameuawa kwa uongo kwamba viungo vyao huleta dhahabu au samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wilayani Bukombe. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja alitekwa na kuuawa wilayani Chato, mkoani Geita.

Hatusemi kuwa filamu ndiyo iliyoua. Vikongwe walikuwa wakiuawa kabla video hazijafika vijijini. Tunachosema ni kwamba filamu inaukuta uvumi umekwisha kupandwa, nayo inaumwagilia maji.

Wapo watakaouliza, "Kwa hiyo nyinyi mnakanusha majini na sihri?" Hasha! Mtume (s.a.w.) ameitaja sihri miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza, na katika saba hayo hayo imo kuua nafsi bila haki. Lakini kuamini kuwa kitu kipo ni jambo moja, na kudai kuwa fulani ndiye, ni jambo jingine. Tukumbuke kisa cha Nabii Sulaiman (a.s.) katika Surat Saba. Alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu bila kujua, mpaka mdudu alipoila ile fimbo naye akaanguka. Ikiwa majini wenyewe hawakuijua ghaibu iliyokuwa mbele ya macho yao, mganga anayesema jini wake amemtajia mchawi, au mahali ulipo mwamba wa dhahabu, ameyapata wapi?

Wazazi wetu, kuzima televisheni na kushika fimbo hakutoshi, kwa sababu picha hizi zimo mfukoni mwa kila mwenye simu. Kaeni nasi mtuulize tumeona nini. Ustadhi wetu alipopata habari hakutuchapa. Alichukua simu, akaanza kumrekodi mwenzetu mmoja aliyesimama uani, akaisimamisha, akamwambia aondoke, kisha akaendelea kurekodi pale pale. Tulipotazama, mwenzetu alikuwa ametoweka kama jini. Wadogo walipiga kelele, halafu kila mmoja akaomba naye atoweshwe.

Kisha alitutuma kwa bibi na ndoo za maji. Wadogo walisema "Shikamoo bibi" wakiwa wamejificha nyuma ya migongo yetu. Bibi akaitikia "Marahaba wajukuu zangu", akatukaribisha jikoni alikokuwa anapika. Tulikaa kidogo tu, na tulipotoka sote tulikuwa na macho mekundu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atulinde na shari ya majini na watu, na atulinde tusiwe sisi wenyewe ndio shari hiyo. Amin.

Wabillahi tawfiq.