Makmende alijulikana mitaani, ushahidi ukatoka ng'ambo

MVULANA mmoja wa jirani hapa Fedha, Nairobi, ambaye hakuwa amezaliwa mwaka wa 2010, aliniuliza majuzi Makmende alikuwa nani. Alikuwa amemsikia mamake akimkemea kakake aache kujifanya Makmende, naye akadhani huyo ni mhalifu aliyewahi kusumbua mitaa ya Eastlands.

Jibu fupi ni kuwa Makmende ni shujaa wa video ya wimbo Ha-He wa kundi la Just A Band, iliyotolewa Machi 2010. Wimbo wenyewe ulitoka katika albamu 82 ya mwaka wa 2009. Waliokuwa wakiunda kundi hilo, Bill Sellanga, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu, walikutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Muziki wao ulichanganya disko, fanki na midundo ya kompyuta kiasi kwamba watangazaji wa redio walitatizika kuamua waupigie katika kipindi kipi. Katika video hiyo, mwanamume mwenye utepe kichwani, ambaye nafasi yake iliigizwa na Kevin Maina, anawakabili wahuni kwa mateke na ngumi kwa mtindo wa filamu za miaka ya 1970.

Lakini jibu hilo lina kasoro, kwa sababu Makmende alikuwepo kabla ya Just A Band. Sisi tuliokulia Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1980 tulilijua jina hilo kabla ya kujua lilikotoka. Aliyejaribu kuruka ukuta akaanguka, au aliyetaka kupigana na watu watatu kwa wakati mmoja, aliulizwa iwapo anadhani yeye ni Makmende. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba chanzo chake ni filamu ya Sudden Impact ya mwaka wa 1983, ambamo Clint Eastwood, akiwa ameshika bastola, anamwambia jambazi ajaribu tu aone. Maneno matatu ya mwisho ya tamko hilo ni make my day. Yapitishe kwenye masikio ya watoto waliojazana katika kibanda cha video, wengi wao wakiwa hawaelewi Kiingereza cha Wamarekani, na utampata Makmende.

Kwa hivyo kundi hilo halikubuni shujaa, bali lilimrudisha. Ndiyo maana siku chache tu baada ya video kutoka, Wakenya walianza kuongeza visa vyao wenyewe bila kuombwa na mtu. Walisema Makmende huanika nguo zake kwenye laini ya Safaricom. Majalada ya kubuni ya majarida ya kigeni yakasambazwa yakiwa na picha yake. Wakati nao ulifaa, kwani mkongo wa SEACOM ulikuwa umefika Mombasa Julai 2009, na kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya polepole. Tukumbuke pia kwamba nchi ilikuwa ingali na majeraha ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kicheko ambacho hakikumuuliza mtu kabila lake hakikuwa jambo dogo.

Kilichofuata ndicho ninachotaka tukitafakari. Mashabiki walipoandika ukurasa kumhusu Makmende katika kamusi elezo ya Wikipedia, ulifutwa zaidi ya mara moja. Waliofuta hawakuona kithibitisho kwamba jambo hilo lilikuwa na uzito wowote. Kisha gazeti la Wall Street Journal la Marekani likaandika kuhusu video hiyo katika kurasa zake za intaneti, nalo shirika la habari la CNN likaitangaza. Ukurasa ukabaki.

Ni rahisi kuwalaumu wahariri hao wa mbali kwa dharau, na wapo waliofanya hivyo. Mimi siwezi. Kanuni yao, kwamba jambo lisiloandikwa na chombo huru halithibitiki, ndiyo kanuni inayonilipa mshahara. Swali la haki ni kwa nini, baada ya neno kutamkwa mjini kwa miaka ishirini, hapakuwa na rundo la magazeti ya humu nchini la kuwatupia mezani. Mimi binafsi sikumbuki kuliona limechapishwa kabla ya 2010. Nakumbuka vyema, hata hivyo, kalamu yangu ikipita juu ya maneno ya aina hiyo katika taarifa za wanahabari wachanga, nikiweka mahali pake Kiswahili ambacho hakuna kijana wa Umoja wala Kayole angekitamka. Nilidhani nalinda lugha. Huenda nililinda sarufi, na hapo sijutii, lakini neno lilipaswa kubaki, hata kama ni ndani ya alama za kunukuu pamoja na maelezo yake.

Kuhusu kundi lenyewe, umaarufu wa Makmende uliufunika wimbo. Wengi wanaomkumbuka shujaa hawawezi kuimba mstari mmoja wa Ha-He. Just A Band walitoa albamu nyingine mwaka wa 2012, kisha kila mmoja akashika njia yake. Masya aliongoza filamu ya Kati Kati, iliyotuzwa na wakosoaji katika tamasha la Toronto mwaka wa 2016, na Sellanga, ambaye jina lake la jukwaani ni Blinky Bill, akatoa albamu yake binafsi mwaka wa 2018.

Mvulana wa jirani alitazama video hiyo kwenye simu ya mamake, akacheka, kisha akataka kujua ni wapi angesoma habari hizi kwa Kiswahili ili azitumie katika insha yake ya shule. Nilimwomba anipe hadi mwisho wa wiki.