Sarakasi ya mchangani si sarakasi ya ubaoni

Msomaji, kama u mkazi wa Pwani bila shaka umewaona vijana wetu wakipiga sarakasi ufuoni jioni, maji yakishatoka. Kijana hukimbia hatua tatu, akajirusha, akapinduka hewani na kutua kwa miguu kama paka. Mmoja wao aliletwa kwenye kliniki yangu akiwa amebebwa na wenzake wawili, goti limefura kama tikiti.

Kazi yake ilikuwa kusaidia kwenye boti za watalii. Alikuwa na wiki tatu tu tangu aanze kupanda ule ubao unaovutwa na boti, ambao wenyewe huuita wekibodi. Siku hiyo mgeni mmoja alimwahidi bakshishi endapo angepinduka kichwa chini, miguu juu. Hakuwa amewahi kuruka akazunguka hata nusu, lakini alikubali. "Daktari, mbona mchangani naifanya kila siku?" aliniuliza.

Swali lake ni la haki. Mchangani miguu i huru; ukitua vibaya, mguu mmoja hukimbilia huku na mwingine kule, ukaanguka na kucheka. Ubaoni miguu yote miwili imefungwa ndani ya viatu vilivyokazwa kwenye ubao mmoja, tena havifunguki kwa urahisi. Boti nayo inakuvuta kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa. Ubao ukigusa maji ukiwa umekaa upande, maji huushika, mwili ukaendelea na safari yake. Kinachosokotwa hapo katikati ni goti. Ndani yake mna kano linalouzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele, na likikatika kabisa, mara nyingi halijiungi lenyewe.

Hatari huzidi mtu anapojifunza kurukia upande wa vidole. Anayeegemea visigino hutazama boti na kuivuta kamba kwa uzito wa mwili wake. Anayeegemea vidole huipa boti mgongo, mpini wa kamba ukiwa karibu na nyonga. Akitua na ukingo wa visigino ukazama, hutupwa chali, kisogo kikayapiga maji asiyoyaona. Maji kwa mwendo ule si laini, msomaji. (Mimi mwenyewe nilijaribu nilipotimiza miaka 41. Sikuufikia hata huo nusu mzunguko, na shingo iliniuma wiki nzima.)

Ndiyo maana nasema sarakasi hizi zina madarasa yake, na halirukwi hata moja. Kwanza ajue kukata maji kwa vidole, magoti yamekunjwa, bila kiuno kuvutwa kuelekea boti. Kisha aruke wimbi la boti moja kwa moja, atue kwa vidole vilevile. Ndipo aje nusu mzunguko, atue mguu wa nyuma ukiwa mbele. Mzunguko kamili ni baadaye, kwa maana humo mpini hupitishwa mgongoni kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na anayechelewa akang'ang'ania kamba huweza kuteguka bega. Ajizoeze kuuachilia mpini mapema, wala asizungushe kamba mkononi kamwe. Kupinduka kuwe mwisho, baada ya hayo yote kufanyika siku nyingi, si siku moja ya bahati.

Wako watakaosema kijana hujifunza kwa kuanguka. Kweli, lakini ajifunze kwa anguko analoweza kuamka nalo. Lawama yangu si kwa kijana. Nahodha ndiye mwenye usukani, naye ana uwezo wa kukataa. Pia sisi tunaokaa kwenye boti na kamera zetu, tukiahidi pesa, hatuna usafi wowote katika jambo hili.

Kichwa nacho kisipuuzwe. Si lazima mtu azirai ndipo ubongo uwe umetikisika. Akiumwa na kichwa, akihisi kizunguzungu au kichefuchefu, au akisahau alichokuwa akifanya, atolewe majini na asirudi siku hiyo hata akisema yu mzima. Akitapika tena na tena, akizidi kusinzia, akishikwa na degedege au mkono ukilegea, apelekwe hospitali mara moja. Na sikio likiuma ghafla na kuziba baada ya kuanguka kiubavu, huenda kiwambo kimetoboka. Aghalabu hupona chenyewe kwa majuma kadhaa kikiwekwa pakavu, lakini amwone daktari. Tafadhali msimwagie mafuta ya uvuguvugu sikioni. Kila mwaka naletewa mgonjwa aliyekwisha kutiwa.

Kijana wangu alipasuliwa goti baada ya jamaa zake kufanya harambee mbili. Muda wote huo hakupata mshahara, maana wa boti hulipwa kwa siku. Wiki jana alikuja akitembea bila mkongojo, mwezi wa tano tangu upasuaji, akaniuliza kama anaweza kuruka tena, angalau ule nusu mzunguko tu. Nilimwambia aje tena baada ya miezi minne tumpime nguvu za paja. Hakufurahi, lakini tarehe aliiandika.